Mzee Mkate Arudi Darasani

Wazo la kumrudisha baba yake chuoni lilimjia Kitinda akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, mkono mmoja umeshika chupa ya dawa ya kikohozi, mwingine umeshika simu. Chuo kikuu alichowahi kusoma baba yake ujanani kilikuwa kimetoa tangazo: katika likizo ndefu kingefundisha kwa njia ya mtandao, na yeyote aliyewahi kusajiliwa pale aliruhusiwa kurudi, awe na umri wowote, na wengine kujiunga kwa kulipia ada. Kozi ya kwanza kutajwa ilikuwa ya historia, historia ya kazi na wafanyakazi. Kitinda aliganda kwenye tangazo lile mpaka mteja akakohoa kumkumbusha kwamba chupa ni yake.

Kitinda lilikuwa jina la nyumbani. Alikuwa kitinda mimba, na baba yake alilikata neno hilo katikati tangu yuko mgongoni, jina likamganda. Baba mwenyewe, mtaa mzima ulimwita Mzee Mkate. Aliingia chuo kusoma historia, akafika mwaka wa pili, kisha baba yake akafariki ghafla na tanuri la familia likabaki bila mtu. Akarudi nyumbani kulishika kwa muda tu. Huo muda tu ukazaa watoto wawili, ukawasomesha, ukampa magoti mabovu na kifua cha kikohozi, na alipofunga duka hatimaye nywele zilikuwa nyeupe kiasi kwamba wateja walimwambia, "Mzee, hujajipangusa unga."

Mwaka uliopita mama alikuwa amefariki. Baba alimwita mkewe Afisa, kwa sababu funguo zote za nyumba ile na amri zote zilikuwa zake. Mtu akija kuuliza jambo, mzee alikuwa akijibu, "Mimi hapa ni kibarua tu, kamwulize Afisa." Tangu mazishi, mzee alikuwa amepungua. Kitinda aliishi mji mwingine, safari ya basi ya siku nzima, na simu zao zilikuwa zimefupika mpaka zikawa salamu tupu. Umeamkaje? Nimeamka. Umekula? Nimekula. Haya, mwanangu.

Siku hiyo hakuanza na salamu.

"Baba, ile historia yako hutaki kuimaliza?"

Upande wa pili mzee alisikika akivuta kiti.

"Kwa kichwa gani, Kitinda? Hiki kimejaa unga."

"Unga huchekechwa."

Mzee akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, kimekaa bila kutumika, lakini kilikuwa kicheko. Kitinda akamweleza kuhusu tangazo. Mzee akasikiliza yote, kisha akatoa masharti.

"Kwanza, na wewe uingie. Wakiniambia bonyeza pale, nitamwuliza nani pale ni wapi?"

"Mimi historia ilinishinda tangu sekondari, baba."

"Basi itatushinda wote. La pili, humo darasani mimi si baba yako. Sitaki kusikia baba kaa vizuri, baba kola ya shati. Ni mwanafunzi mwenzako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanafunzi mwenzangu."

Kaka yake Kitinda, ambaye ni fundi umeme na anakaa na mkewe nyumba ya uani palepale kwa mzee, ndiye aliyefunga kompyuta. Aliiweka kwenye chumba cha mbele kilichokuwa duka, juu ya ile meza ndefu ya kukandia unga, kwa sababu mawasiliano yalishika vizuri upande ule. Tanuri lilikuwa nyuma ya kiti cha mzee, limezimwa muda mrefu, mdomo wake umezibwa kwa bati.

Siku ya kwanza Kitinda aliomba ruhusa kwa mwenye duka la dawa, akaketi stoo katikati ya maboksi, akafungua simu. Nyuso zikajitokeza kwenye visanduku vyao. Mwalimu wao alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole na miwani iliyokaa juu ya nywele muda wote. Wote walimwita Daktari, kwa shahada yake. Wanafunzi wengi walikuwa vijana waliofeli somo wakati wa muhula na sasa walitaka kulifidia. Mmoja wao hakuvua kofia siku hiyo wala siku nyingine yoyote, na Kitinda moyoni akamwita Kofia.

Daktari aliwaomba kila mmoja ajitambulishe. Ilipofika zamu ya Mzee Mkate, aliinuka kabisa, kamera ikabaki inaonyesha vifungo vya koti. Lilikuwa koti la harusi ya kaka.

"Kaa tu, mzee wangu," Daktari akasema.

Sura ya mzee ikarudi kwenye kisanduku. "Mimi ni mwokaji wa mikate. Nilitoka darasani mara moja, nikachelewa kidogo. Sasa nimerudi."

Darasa zima likacheka, na mzee akacheka nalo. Kitinda alitazama kile kisanduku kidogo, akajikuta anapangusa macho kwa karatasi ya kufungia vidonge.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri. Kwa kweli zilikuwa nzuri kuliko alivyotumaini. Daktari aliwafundisha jinsi saa za ukutani zilivyoingia viwandani na kuanza kuwaamuru watu, jinsi mafundi walivyounda vyama vyao, jinsi miji ya zamani ilivyowaka moto mkate ulipopanda bei. Mzee alisoma kila ukurasa aliopewa. Kila kipindi kilipokwisha, simu ya Kitinda ililia hata kabla hajatoka stoo.

"Mwanafunzi mwenzangu, umesikia habari za zile saa?"

"Nimesikia."

"Mimi saa yangu ilikuwa hamira. Hamira haina huruma kuliko mnyapara yeyote. Ikishapanda, hata uwe na homa, unaamka." Kisha aliendelea, na kutoka kwenye hamira alifika ujanani, kwenye bweni la chuo, kwenye kitanda cha chuma alicholalia karibu na dirisha, kwenye mjadala alioshinda na ule alioshindwa mpaka akakosa usingizi. Kitinda hakuwahi kumjua baba huyo. Aliyemfahamu yeye alinuka chachu na kusinzia mezani. Huyu wa simuni alikuwa kijana mwenye maneno mengi, anayejiona, mcheshi. "Watu husema mtu akimwaga unga amefukuzwa kazi," aliwahi kusema. "Mimi nimeumwaga maisha yangu yote na sikufukuzwa. Nani angenifukuza? Afisa alikuwa na huruma."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumtaja mama bila sauti kukwama.

Katika kile kipindi cha ghasia za mkate, mzee alinyoosha mkono. Akakohoa kidogo, akasema, "Daktari, wale waokaji waliovunjiwa maduka, kesho yake asubuhi walifanya nini? Mwenye duka la nguo anaweza kubeba nguo akahama. Tanuri halibebeki."

Daktari alishusha miwani kutoka kwenye nywele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema ni swali zuri. Akaeleza kwamba wengine walikimbia wasirudi, na wengine walifungua asubuhi ileile na kuwauzia mkate watu walewale waliowapiga, kwa sababu pande zote mbili hazikuwa na njia nyingine. Mzee alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa habari za jamaa zake.

Kipindi kilichofuata, somo likiwa limeshahamia kwenye reli, mzee alinyoosha mkono. Akakohoa kidogo. "Daktari, wale waokaji waliovunjiwa maduka, kesho yake asubuhi walifanya nini? Mwenye duka la nguo anaweza kubeba nguo akahama. Tanuri halibebeki."

Daktari alisita. Kisha akamjibu upya, kwa kifupi. Kitinda akafikiri, labda hakuridhika na jibu la mwanzo. Wazee wana namna yao ya kung'ang'ania jambo.

Kipindi cha baada ya hapo, mkono wa mzee ulipoinuka, na kile kikohozi kikasikika, Kofia akafungua kipaza sauti chake kabla yake. "Jamani, mtandao wa babu unarudia rudia. Azime, awashe tena."

Kicheko kikazagaa visandukuni. Kitinda naye alicheka. Alicheka kabla hajajua anacheka nini, kwa sababu kilichosemwa kilikuwa cha kuchekesha na wote walikuwa wanacheka. Halafu akaona uso wa baba yake. Mzee alikuwa anatabasamu pamoja nao, akitazama huku na huku kwenye skrini, akitafuta ni kitu gani kinachochekwa.

Daktari alikemea, vijana wakatulia, somo likaendelea, lakini Kitinda hakusikia tena neno. Alipotoka stoo alimpa mteja dawa ya macho badala ya dawa ya masikio, akamkimbilia barabarani kumrudisha.

Hakumpigia baba. Alimpigia wifi yake.

"Wifi, baba ana nini?"

"Ana nini kivipi?"

"Usinizungushe. Ana nini?"

Wifi akavuta pumzi. Kwa nyuma zilisikika sufuria, kisha mlango ukifungwa. "Juzi alitoka kwenda kununua sabuni. Tulimkuta kwenye lango la shule, anawasubiri ninyi mtoke darasani. Wewe na kaka yako. Alikuwa ameshika mwavuli."

Kitinda akaketi juu ya boksi.

"Imeanza lini?"

"Kitambo, wifi."

"Kitambo lini? Tangu mama afe?"

"Kabla." Wifi alikuwa ameanza kulia kimyakimya; ilisikika katika namna alivyokata maneno. "Mama alijua. Alikuwa anamtangulia kwa kila kitu. Akitaka kusahau jina la mtu, mama analitaja. Akivaa shati kinyume, mama anageuza kabla hajatoka. Alinikataza nisikuambie. Alisema Kitinda akisikia ataacha kazi, na huyo mtoto ndiyo kwanza amesimama. Mimi ningefanyaje? Nilikuwa naogopa mazishi yakishapita utakuja uone mwenyewe. Hukuona. Sote tulisema ni majonzi."

Ndivyo Kitinda alivyojua kwamba zile amri zote za mama, vaa hili, kaa hapa, sema karibu, mpe mgeni kiti, ambazo watoto walizicheka miaka ile ya mwisho na kuongeza chumvi kila walipozisimulia, zilikuwa kazi. Mama alikuwa amemshika mumewe mkono mbele ya watu wote, na hakuna aliyeuona mkono wenyewe.

Aliomba likizo, akapanda basi.

Mzee alimpokea mlangoni kwa furaha, akamjua vizuri, akamtania kwamba amekuja kumwibia majibu. Asubuhi alikuwa mtu kamili. Alisoma, akabishana na kitabu kwa sauti, akachemsha chai mwenyewe. Jua likishaanza kushuka, alianza kuhangaika. Alifungua kabati na kulifunga. Alimwuliza wifi kama vibarua wamelipwa. Aliondoa bati kwenye mdomo wa tanuri akachungulia ndani, akaonekana kushangaa kwamba ni baridi. Kitinda alimrudisha kwenye kiti, naye alikubali kushikwa mkono kwa adabu, kama anavyokubali mgeni.

Kozi ilikuwa inaelekea ukingoni. Katika wiki ya mwisho kila mwanafunzi alitakiwa azungumze mbele ya wenzake kuhusu kazi moja anayoifahamu, kisha aandike mtihani. Zamu ya mzee ilikuwa imepangwa alasiri.

Asubuhi moja Kitinda aliketi uani akaanza kumwandikia Daktari ujumbe. Alitaka kuomba zamu ya baba ihamishwe iwe asubuhi, na aeleze kwa nini. Hakumwona mzee akija nyuma yake.

"Unaniombea huruma?"

"Hapana, baba. Nilitaka tu—"

"Ninaweza kusoma, Kitinda. Hilo bado sijalisahau." Akavuta kigoda, akaketi kwa taabu, magoti yakalia. "Unadhani sijui? Siku nyingine najua kabisa kwamba nimepotea. Siku nyingine sijui, na hizo ndizo nzuri."

Kitinda aliilaza simu mapajani, kioo chini.

"Siku ile walipocheka," mzee akaendelea, "nilijua nimefanya jambo. Sikujua jambo gani. Nilikaa nikawatazama mmoja mmoja, nikasema pengine mmoja ataniambia."

"Na mimi nilicheka, baba."

"Nilikuona." Hakulisema kwa ubaya. Alimpigapiga gotini mara mbili, kama apigavyo donge la unga kuona kama limeumuka. "Sasa sikiliza. Omba asubuhi, sawa. Mwambie mzee ana magoti, alasiri yanamsumbua. Huo si uongo, yananisumbua. Lakini hilo lingine libaki ndani. Nataka nimalize kitu kimoja kwa akili yangu mwenyewe, watu wakinisikiliza kama wanavyomsikiliza mtu yeyote. Baada ya hapo mnipeleke hospitali, mnifunge kengele shingoni, mtakavyo."

Kitinda alifuta aliyokuwa ameandika, akaandika habari za magoti, na Daktari akaihamishia zamu asubuhi.

Walijiandaa pamoja. Mzee angezungumzia kazi ya mwokaji tangu anapoamka mpaka mtaa unapoamka. Kitinda alimsikiliza asubuhi baada ya asubuhi, na wifi alikuwa akiacha kufua ili asimame mlangoni asikilize. Hakuna mara ambayo mzee alizungumza vilevile. Mara nyingine alianza na maji, mara nyingine na mikono, mara nyingine na woga wa kulala ukapitiliza. Ila kila mara ilikuwa tamu.

Siku yenyewe alinyoa vizuri, akavaa lile koti. Aliketi mbele ya kompyuta mezani pale dukani. Kitinda, kwa kuwa naye alikuwa mwanafunzi na sharti lilikuwa bado sharti, aliketi chumba cha pili na simu yake, kamera imewashwa, uso wake katika kisanduku chake kama wengine. Hakuna darasani aliyejua kwamba wako chini ya paa moja.

Mzee alianza vizuri ajabu. Alieleza jinsi mwokaji anavyosikiliza mkate, kwamba unapotoka motoni ganda lake hupasuka kidogo kidogo kwa sauti nyembamba, na kwamba yeye alikuwa akisimama kimya gizani dakika hiyo ndogo kuusikia, kwa kuwa ndiyo pekee katika siku nzima iliyokuwa yake. Alieleza kwamba watu wanaokula mkate wa asubuhi hawajawahi kumwona mwokaji akiwa macho. "Tukionana nao sisi tumelala tumesimama," alisema. Kofia alikuwa ameegemeza kidevu mikononi. Daktari alikuwa ameshusha miwani.

Halafu mzee akakohoa. Kikohozi kikamzidi. Akageuza uso pembeni, upande wa mlango wa ndani, akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliye nyumbani kwake:

"Afisa! Niletee maji."

Akasubiri.

Wanafunzi wakasubiri. Daktari akasubiri. Mzee akatega sikio kidogo, akaita tena, safari hii kwa utani wa zamani, "Afisa, kibarua wako anakufa kwa kiu huku."

Kitinda aliinuka. Alijua kwamba kila mtu anamwona akiinuka, na kwamba sasa kiti chake kimebaki kitupu mbele yao. Alimimina maji, akaingia dukani, na darasa zima likamwona akitokea katika kisanduku cha mzee na bilauri mkononi.

Mzee alimtazama usoni. Akatabasamu tabasamu ambalo Kitinda hakuwahi kupewa, kwa sababu halikuwa la mtoto.

"Ahsante, Afisa."

"Karibu," Kitinda akasema.

Alikunywa yote. Kisha akaendelea kuzungumza, lakini sasa hakuwa anasimulia tena. Alikuwa huko. Aliwaambia wale vijana visandukuni nani akande na nani apakie, akauliza kuni zimetosha, akamgombeza mmoja kwa kuchelewa, kwa upole, akamwambia najua mkeo amejifungua lakini watu watakula nini. Hakuna aliyecheka. Kofia alikuwa amevua kofia yake, ameishika kifuani. Daktari alimwacha mzee aseme mpaka mwenyewe akatulia, akaitazama mikono yake juu ya meza tupu, akaanza kuipangusa mmoja kwa mwingine ingawa haikuwa na kitu.

"Tumekusikia, mzee wetu," Daktari akasema. "Tumekusikia vizuri sana."

"Haya. Mfunge mlango mkitoka," mzee akajibu. "Vumbi linaingia kwenye unga."

Kitinda aliinama mbele yake akazima kompyuta.

Walikaa hivyo muda mrefu. Nje kaka alikuwa amesimama na wifi, hakuna aliyethubutu kuingia. Jua lilikuwa bado halijapanda sana, ilikuwa saa yake nzuri, na taratibu mzee akaanza kurudi. Kitinda aliliona jambo hilo machoni mwake, naye alitamani lisitokee.

"Nimefanya nini?" mzee akauliza.

"Umezungumza vizuri, baba."

"Kitinda. Nimefanya nini?"

"Ulimwita mama."

Mzee alifumba macho. "Mbele yao?"

"Ndiyo."

"Na nani aliitika?"

"Mimi."

Hapo ndipo mzee alipolia. Kwenye mazishi hakulia. Watu walimsifu kwa kujikaza, na sasa Kitinda alielewa kwamba labda siku ile hakuwa na hakika ni nani anazikwa. Sasa alilia kama mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyohiyo. Alijaribu kusema kitu, akashindwa, akajaribu tena. "Alikuwa anaitika," akasema. "Hata akiwa amekasirika. Hakuna siku niliita asiitike." Kitinda alimkumbatia, koti la harusi likaloa begani.

Daktari alipiga simu baada ya siku chache. Alikuwa ameshajua; hakukuwa tena na cha kuficha. Alisema amezungumza na wakuu wake, mtihani wa kuandika hauwezi kufutwa, lakini kama Kitinda angemsaidia mzee kuandika, angemsomea maswali na kumshikia kalamu, yeye hangeuliza mengi. Alitaka mzee apewe cheti chake.

Mzee aliomba simu. Ilikuwa asubuhi.

"Daktari, nakushukuru sana. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha tusiandike mambo kama tunavyotamani yangetokea. Basi andika kama yalivyotokea. Mwokaji alikuja, akakaa darasani, hakumaliza." Akanyamaza akisikiliza. "Hapana, mwanangu, sina uchungu. Uchungu ni wa nini? Mara ya kwanza niliitwa nyumbani nikaondoka katikati, sikuaga hata mtu. Safari hii angalau nimeaga."

Akamrudishia Kitinda simu, akaenda kutafuta viatu vyake, ambavyo alikuwa amevivaa.

Kitinda alifanya mtihani wake peke yake katika chumba kile cha duka, akafaulu. Hakumwambia baba, na baba hakuuliza. Hospitalini waliambiwa walichokuwa wanakijua tayari, kwa jina refu zaidi. Kaka alitaka mzee ahamie nyumba ya uani. Wifi alisema yeye hana neno, ila asiachiwe peke yake mzigo huu mara ya pili. Maneno yakawa mengi, wakafikia kukwaruzana mpaka wifi akasusa chakula. Mwishowe Kitinda alirudi ule mji mwingine mara moja tu, akafungasha nguo na vyombo, akamuaga mwenye duka la dawa. Alipata kazi ya nusu siku kwenye zahanati ya karibu na nyumbani, kugawa dawa dirishani asubuhi, asubuhi zenyewe ambazo baba yake alikuwa mzima. Hakuna kazi ya alasiri iliyopatikana. Kwa hiyo wifi alikaa na yule mcheshi wa asubuhi, na yeye akabaki na yule mwingine wa jioni.

Mwaka ukapita. Likizo ndefu ilipokaribia, Daktari alimtumia ujumbe kwamba kuna kozi mpya ya historia, na kama angependa kuendelea nafasi ipo. Kitinda aliusoma kwenye dirisha la zahanati, foleni ikiwa mbele yake, akaona kwamba moyo wake unataka. Hilo lilimshangaza. Akajibu kwamba atafikiria, akaweka simu mfukoni, akapokea karatasi ya mgonjwa aliyefuata.

Aliporudi nyumbani, mzee alikuwa ameketi barazani, wifi amemvisha sweta. Aliinua macho akamtazama mwanawe akipanda ngazi, kwa heshima, kama unavyomtazama mtu ambaye sura yake unaifahamu na unangoja aanze yeye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akafikiri kidogo. "Umetoka mbali?"

"Si mbali sana. Kazini."

"Pole na kazi." Akasogea kwenye benchi, taratibu, kwa ajili ya magoti, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. "Kaa basi, tumngoje. Mwenyeji ametoka kidogo, hatakawia."

Kitinda akaweka mkoba chini, akaketi.